Tiketi ya Mwenyeji

Jumapili hii sina wageni.
Nimevua kitambulisho shingoni, nimekitundika msumarini,
nikampigia shangazi Aikunda:
vaa viatu vya kufunga, si ndala, nakuja kukutembeza.
"Kunitembeza wapi?"
Maporomoko ya Materuni.
Kimya. Halafu kicheko kirefu,
cha mtu aliyeambiwa atapelekwa
kuonyeshwa jiko lake mwenyewe.

Gari la kuazima, mlango mmoja hufunguliwa kwa nje.
Kupanda Uru yote ameshusha kioo, anaitaja migomba kwa wenyewe:
kwa Ngowi, kwa Mosha,
kwa yule aliyekuwa na ng'ombe wa pembe moja.
Nami kwa mazoea nilishaanza kukariri moyoni
urefu wa maji, umri wa mibuni, tahadhari ya utelezi.

Getini kijana wa zamu, kalamu sikioni,
hakumtazama usoni.
"Mama, mgeni au mwenyeji?"

Shangazi akasimama.
Nilidhani ni pumzi.
"Nilikata majani ya ng'ombe humu," akasema,
"babu yako hajajua kuvaa suruali."
Kijana akacheka, akaandika, akachana. Elfu mbili.
Shangazi akaipokea kwa mikono miwili,
akaifunga kwenye pindo la kanga
palipokaa siku zote ufunguo na sadaka.

Kule bondeni maji yalikuwa yanaanguka
kama yanavyoanguka hata Jumatatu, hata usiku,
manyunyu yanalowesha kope,
na wageni wa watu wengine wamenyoosha simu juu.
Yeye hakuinua kichwa.
Alikuwa anatafuta kitu katikati ya mawe,
akipapasa kwa mguu, akirudi, akienda tena.
"Hapa. Hapa niliteleza na mzigo.
Mundu ukaruka kule."
Akapandisha gauni kidogo, akanionyesha kovu
nililoliona maisha yangu yote bila kuuliza.

Miaka tisa ninaleta watu hapa.
Mita nazijua.
Jiwe hilo sikulijua.

Mchana tukashuka Chemka, joto, vumbi,
kisha ghafla yale maji ya buluu chini ya mikuyu.
Vijana wanajirusha kwa kamba.
Shangazi akatumbukiza miguu, visamaki vikamdonoa visigino,
akapiga yowe, akaomba radhi kwa waliokuwa karibu,
akapiga tena.
Nikanunua mishikaki. Akasema
imechomwa na mtu mwenye haraka.

Mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi.
Jioni, tukizunguka mnara wa saa pale mjini,
wingu likachanika,
na mtalii mmoja akashuka garini, akasimama
katikati ya barabara, honi zikimlilia.
Shangazi akatazama mara moja tu,
kama anayehesabu kuku kabla ya kufunga banda.
"Barafu imerudi nyuma. Nilipoolewa ilifika pale."
Kidole chake kikagusa hewa tupu.

Nikamfikisha Kibosho, kwenye chumba chake kimoja
ndani ya kihamba ambacho sasa ni cha shemeji.
Akawasha taa. Akafungua pindo,
akainyoosha tiketi mezani kwa kiganja,
akaniomba nimsomee, miwani ilivunjika tangu Pasaka.
Nikasoma: tarehe, kiasi, mwenyeji.

"Rudia hilo la mwisho."

Mwenyeji.

"Kwa baba yangu walisema msichana ni mgeni, ataondoka.
Hapa nina miaka hamsini na miwili,
na bado mimi ni mwanamke wa kuja."
Akaigeuza karatasi, kana kwamba
nyuma yake kungekuwa na masharti.
"Yule mtoto kaandika tu.
Hata ukoo hakuniuliza."

Akaichomeka kwenye fremu ya picha ya marehemu,
ikamfunika bega kidogo.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.
"Kesho unapeleka watu?"
Wanne, nikamwambia, saa mbili asubuhi.
"Waambie lile jiwe linateleza."